Mkwe wa Mgombea

Asubuhi ya siku ya mkutano mkubwa, Mzee Eliezeri alikuwa amekwama chooni. Hakuna aliyemfungia. Mlango ulikuwa wa bati, unafungwa kwa kipande cha waya, na waya wenyewe alikuwa ameushika yeye. Tatizo lilikuwa uani. Mkamwana wake Tupokigwe, mgombea udiwani wa kata, alikuwa amesimama katikati ya uwanja akizungumza na wageni wa kampeni, na baba mkwe wa Kinyakyusa mwenye adabu zake hatoki chooni mbele ya mke wa mwanawe. Kusema kweli hatoki popote mbele yake. Mzee wa watu akakaa humo, akatazama nzi, akakohoa mara mbili kwa matumaini. Wageni walikuwa wanacheka kwa sauti na kikohozi hakikusikika.

Aliokolewa na mkewe, Yunisi, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa na kazi ya kumwokoa mahali fulani.

"Mama, hebu wapeleke wageni upande wa jikoni wakanywe chai," Yunisi alimwambia mkamwana, bila kueleza sababu. Tupokigwe hakuuliza. Alijifunika kitenge kichwani, akageuza uso kwenye migomba, akawaongoza wageni wake. Eliezeri akatoka na magoti yaliyokufa ganzi, akapita nyuma ya nyumba, akaingia ndani kupitia mlango wa stoo.

"Nimechoka, Mama Asukile," alisema.

"Uchaguzi umebaki siku chache."

"Sijasema uchaguzi. Nimesema nimechoka."

Kwa asiyetoka huku, habari yenyewe ni hii. Watu wa hapa wanaita kutila. Ni woga na heshima kwa pamoja, na si rahisi kuvitenganisha. Mke wa mwanao hakutazami usoni, na wewe humtazami. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, hamsalimiani. Jina lako halitamki. Mkikutana njiani, yeye anaingia kwenye majani na kukupa mgongo mpaka upite. Vijana wengi wa mjini wameacha mambo hayo; huko Mbeya utamkuta mkamwana na baba mkwe wanatazama mpira kwenye kochi moja na hakuna aliyekufa. Lakini Ikolelo, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa, bado kina nyumba zinazoshika desturi, na ya Eliezeri ilikuwa mojawapo. Marehemu baba yake aliishi hivyo na mama yake akaishi hivyo. Yeye naye hakuwahi kujiuliza kama kuna njia nyingine, maana muda mwingi wa ujana wake hakuwepo kijijini.

Ujana wake ulikwenda Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Alipanda mlima kwenda kule akiwa kijana mwembamba anayeogopa baridi, akarudi mtu mzima mwenye kikohozi na tabia ya kuamka kabla ya kengele. Alihudumia mashine inayomeza magogo. Alikula ugali na Wahehe na Wabena, akajifunza kutukana kwa Kibena, akajenga nyumba ya matofali kijijini kwao chumba kimoja kimoja, kila likizo chumba. Kule Mgololo walimcheka sana aliposema kwao mkwe hatazamwi. "Sasa mkiungua na nyumba?" Mbena mmoja alimuuliza. "Anatoka nani kwanza?" Wakacheka hadi wakashika mbavu, na Eliezeri akacheka nao. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Alipostaafu alinunua boti ndogo ya mbao na injini ya kufunga nyuma. Injini ilikuwa ndiyo fahari yake. Ikolelo haina barabara. Milima inateremka mpaka majini, na gari likitaka kufika hupita njia mbaya ya mzunguko ambayo mvua ikinyesha haipo tena. Kwa hiyo mtu mwenye injini ni mtu mkubwa. Aliwapeleka watu sokoni Matema, akawarudisha na vyungu, mchele, bati na maiti. Msimu wa mvua alitega nyavu pale mto unapoingia ziwani, kwa sababu samaki waitwao mbasa hupanda mto kutaga mayai, na pale mlangoni hata mtoto anaweza kuwapata.

Kisha Asukile, mwanawe wa pekee, akaoa. Akaenda kuhangaika na biashara ya mitumba Mbalizi, akamwacha mke nyumbani na wazazi. Ndiyo ikaanza kazi mpya ya Eliezeri uzeeni, kazi ya kumkwepa mtu aishiye umbali wa kurusha jiwe. Alimjua mkamwana wake kwa vitu vilivyobaki akishapita. Alizijua nyayo zake kwenye mchanga, na mchuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, aliotia nyanya nyingi, na namna alivyokunja nguo. Aliijua sauti yake ikiongea na Yunisi nyuma ya ukuta, chini chini. Uso wake hakuujua. Angekutana naye stendi ya Mbeya angempita.

Halafu binti huyo wa sauti ya chini chini, aliyesoma maendeleo ya jamii chuo cha Iringa, akachukua fomu ya udiwani, akapita kwenye kura za chama, akapewa gari bovu lenye spika mbili juu.

Hapo ndipo mateso yalipokolea. Zamani mkamwana alikuwa na njia zake na saa zake, na mzee alizijua. Sasa alikuwa kila mahali. Eliezeri akienda mnadani, yupo mnadani. Akienda msibani, yupo msibani, amekaa na akina mama, na mzee analazimika kuzika kwa mbali nyuma ya mti kama mtu mwenye deni na marehemu. Akienda shambani, spika inamfuata mpaka kwenye mpunga. Sauti ile ya nyuma ya ukuta ilikuwa imekuwa kubwa, imejaa bonde zima.

Na ilikuwa ikisema mambo. Hilo ndilo lililomshangaza. Eliezeri aliwahi kusikia wagombea wengi, na wote waliahidi barabara. Barabara ya Ikolelo ilikuwa imeshaahidiwa kiasi kwamba watu walishaizoea bila kuiona. Binti hakuahidi barabara. Alisema barabara si ya diwani, tusidanganyane. Alisema wenye hoteli wanaonunua viwanja ufukweni wasiweke uzio hadi majini, kwa sababu mwanamke aliyebeba ndoo hawezi kuzunguka mlima. Alisema akina mama wanaoanika usipa mchangani wajengewe vichanja, samaki asiuzwe na mchanga. Alisema choo kijengwe kabla ya ofisi ya kata kupakwa rangi, maana kipindupindu hakisomi rangi.

"Ana mdomo," Eliezeri alimwambia mkewe, akiwa nusu amekasirika na nusu anajivunia.

Hasira yenyewe ilikuja siku spika ilipotangaza kwamba milango ya mito iachwe wazi msimu wa mbasa. Mtu asitege nyavu pale, samaki wapande, wazae, warudi. Eliezeri alikuwa ameinama analima. Alinyooka taratibu, mgongo ukalia. Nani mwingine alikuwa na nyavu mlangoni mwa mto? Ni yeye na wengine wachache, na wote walijulikana. Mwanamke anayekula samaki wake anapita na spika kuwaambia watu samaki wale wasivuliwe! Hakula jioni ile. Lakini alikuwa mzee wa kutosha kukumbuka mbasa walivyokuwa wengi utotoni mwake, na walivyo sasa, na hiyo ndiyo iliyomnyima chakula zaidi.

Jambo lililobaki, lile ambalo Tupokigwe alilitaja la kwanza kila mahali, Eliezeri hakupenda kulisikia kabisa. Spika ikifika hapo aliingia ndani.

Lilikuwa boti ya wagonjwa. Kata inunue boti, iwe na injini, iwe na mwendeshaji wa kulipwa, ikae Ikolelo usiku na mchana.

Hakupenda kulisikia kwa sababu miaka miwili nyuma Tupokigwe alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, asubuhi, na mtoto akakaa vibaya. Mkunga alisema hapa si pa kwangu tena, apelekwe Matema. Asukile alikuwa Mbalizi. Upepo ulikuwa mwema. Boti ilikuwa ufukweni, injini ina mafuta, na mwenye boti alikuwa amesimama pembeni yake. Ila boti ile ni ndogo. Mwendeshaji anakaa nyuma na mgonjwa analazwa mbele yake, miguu kwa miguu, amejifunua kwa uchungu, akilia. Baba mkwe angekaaje pale?

Hakuna aliyemwambia asiende. Hakuna pia aliyemwambia aende, hata Yunisi. Wanawake walimlaza mama kwenye boti, wakamfunika, wakangoja, kwa sababu kila mtu pale ufukweni alijua bila kuambiwa kwamba lazima atafutwe mtu mwingine. Eliezeri mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafuta. Alikimbia, kwa magoti yale, hadi shambani kwa rafiki yake Abrahamu, na Abrahamu alikuwa amehamia shamba la juu. Walirudi jua likiwa kichwani. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume.

Hakuna aliyemlaumu. Wazee walikuja kumpa pole, wakasema alikimbia sana kwa umri wake. Tangu siku ile uchovu ulimwingia na haukutoka, na alipoulizwa alisema ni magoti.

Mchana huo, baada ya mkasa wa chooni, Abrahamu alikuja na maneno.

"Unajua wanachosema watu wa Joachim?" Joachim alikuwa diwani anayemaliza muda wake, mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa tabasamu. "Wanasema mgombea hata kwao hakubaliki. Mikutano yote hii, baba mkwe wake hajaonekana hata mmoja. Wanasema umemkataa kwa sababu ya nyavu."

"Si wanajua kwa nini siendi? Joachim si Mnyakyusa?"

"Anajua. Lakini siku hizi kijijini kuna watu wa kila aina, wajenzi wa hoteli, wafanyabiashara, walimu. Hao hawajui. Na hata wanaojua wanapenda kusahau."

"Nikienda itakuwaje? Akiniona lazima anyamaze, ashuke, akajifiche. Nitakuwa nimemvunjia mkutano."

"Usipokwenda umemkataa. Ukienda umemnyamazisha," Abrahamu alisema, akajikuna kidevu. "Kazi unayo, ndugu yangu. Na nyavu je? Umemkasirikia kweli?"

"Nilikasirika wiki nzima," Eliezeri alijibu. "Nimechoka hata kukasirika."

Mkutano ulianza alasiri, pale ufukweni wanaposhushia samaki. Gari la spika lilisimama limeupa mlima mgongo, mgombea akapanda nyuma ya gari akitazama ziwa, na watu wakajaa katikati. Eliezeri alisikiliza akiwa nyuma ya ukuta wa ghala, kama kawaida. Alisikia habari ya vichanja, watu wakapiga vigelegele. Alisikia habari ya uzio wakazomea wenye hoteli. Kisha kijana mmoja akapaza sauti toka kwenye kundi, sauti ya kuandaliwa.

"Tuonyeshe mkwe wako! Yuko wapi? Mbona nyumbani kwako hawakutaki?"

Watu wakacheka. Tupokigwe akaanza jibu, akasita. Eliezeri alijua sababu ya kusita kule. Angemtajaje?

Hakumbuki aliamua saa ngapi. Anakumbuka kwamba alichukua kiti cha plastiki pale ghalani, cha mtu mwingine, akakikokota. Akatokea upande wa gari akiwa ameinamisha kichwa na kofia ameishusha machoni. Akakiweka kiti mbele kabisa, karibu na tairi, akaketi akiwa amempa mgombea mgongo. Kwa hiyo alikuwa amekaa akiwatazama watu, na watu wanamtazama yeye, na juu yake mkamwana wake amesimama akiwatazama watu walewale.

Kelele zilikatika. Akina mama wazee waliokuwa mbele walishika midomo. Nyuma yake Eliezeri alisikia kitenge kikivutwa kichwani, halafu hakusikia kitu. Akafikiri, nimemharibia. Sasa atashuka.

Hakushuka. Kipaza sauti kilikwaruza, na ile sauti ikarudi, ndogo, ya nyuma ya ukuta, lakini ikarudi. Ilisema juu ya boti ya wagonjwa. Eliezeri safari hii hakuwa na pa kuingia. Ilisema habari ya mama aliyengoja ufukweni na mtoto tumboni, bila kusema mama gani, ingawa hapakuwa na asiyejua.

Yule kijana hakukubali kushindwa. "Lakini kwenu kuna boti!" alipiga kelele. "Ina injini! Siku hiyo ilikuwa wapi?"

Hapo mgombea alinyamaza kabisa.

Jibu alikuwa nalo, Eliezeri alijua. Kila mtu mzima pale alikuwa nalo. Lakini kulisema ni kumtaja, na kumtaja ni kumvua nguo mbele ya kata nzima, na kutolisema ni kuonekana mwongo aliyemuuza mtoto wake aliyekufa apate kura. Watu wa Joachim walianza kupiga miluzi. Eliezeri akasikia binti anavyopumua kwenye spika.

"Ilikuwepo," mzee alisema.

Hakuwa na kipaza sauti. Alirudia kwa nguvu zaidi, akiwatazama watu usoni.

"Boti ilikuwepo hapo hapo ulipokanyaga wewe, kijana. Mafuta yalikuwepo. Mwendeshaji alikuwepo. Ni mimi. Nilimtila. Nikaenda kutafuta mtu mwingine, na mtoto hakungoja."

Miluzi iliisha. Yule kijana alitazama chini, kwa kuwa naye alikuwa na baba na alikuwa na mke. Wazee waliokuwa pale walijikuta kila mmoja yuko kwenye boti ile, anajiuliza angekaa wapi. Hakuna aliyethubutu kumwambia Eliezeri alikosea, na hakuna aliyethubutu kumwambia alifanya sawa. Yunisi, kati ya akina mama, alikuwa anafuta uso kwa upindo wa nguo yake.

Sauti ya juu ya gari ikasema polepole, ikiwaambia watu, wala si yeye:

"Ndiyo sababu ninataka boti ya kata. Yenye mwendeshaji ambaye si mkwe wa mtu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha kushtukizwa. Wa pili akacheka. Halafu ufukwe mzima ukacheka na kupiga makofi, wengine huku machozi yanawatoka, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli na hakuna diwani aliyewahi kulifikiria. Si desturi iondoke, wala si mzee aaibishwe. Ni mtu mmoja tu wa kulipwa, mgeni, asiye na mkamwana Ikolelo. Abrahamu alipiga makofi juu ya kichwa chake. Kama kura zilipatikana siku ile, zilipatikana hapo.

Eliezeri hakupiga makofi. Alikuwa amesema alichokuwa nacho na sasa alitaka kwenda kulala. Akainuka. Njia ya nyumbani ilipita ubavuni mwa gari, na hakuwa na namna ya kuifuata bila kugeuka. Alisimama pale ameshika kiti, mzee mmoja mbele ya watu wote, hajui aende wapi.

"Naomba tunyamaze kidogo," spika ilisema. "Baba anapita."

Gari likalia, mtu anashuka. Watu walisogea. Eliezeri akageuka, akaanza kutembea, na alipofika ubavuni mwa gari alimwona, kwa pembe ya jicho, mwanamke mwembamba amechutama kando ya tairi la nyuma, amejifunika kitenge kichwa chote, uso ameuelekeza kwenye bodi ya gari, anangoja apite. Mgombea udiwani. Watu mia kadhaa walikuwa kimya kwa ombi lake. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mkamwana gani siku hizi angefanya hivyo, na mbele ya kura?

Angeweza kupita haraka, kama alivyopita miaka yote. Alipunguza mwendo. Alitaka sana, kuliko alivyotaka kitu chochote uzeeni, kwamba binti ainuke, ajifunue, amtazame usoni na kumwambia kwa mdomo wake kwamba yeye, mzee, ndiye aliyemuua mtoto wake. Hata kwa kumpigia kelele. Alingoja kidogo pale, na kitenge hakikusogea. Binti alikuwa anamheshimu kwa moyo wake wote.

Eliezeri akakohoa, kumjulisha kwamba ameshapita, akaenda nyumbani.